Chupa ya Kupashia Mikono

Katika maabara ya baiokemia ya chuo kile kilicho juu ya uwanja wa Ruring'u, mjini Nyeri, Sumeya alijulikana kwa ndoo yake. Ilikuwa ndoo ndogo nyeupe iliyowahi kubeba rangi ya ukuta. Ndani yake mlikuwa na barafu, na katikati ya barafu mlikuwa na utumbo wa mbuzi uliofungwa kwenye mfuko wa nailoni. Akiingia nayo mlangoni, koti jeupe juu ya buibui, wenzake walimpisha njia upesi.

"Matumbo imefika," Kaari alitangaza siku moja bila kuinua macho kwenye kazi yake. "Mwenye hajakula brekfasti asikaribie."

Kaari alitoka Chogoria, upande wa pili wa mlima, kwa wazazi wanaolima chai. Yeye na Sumeya walikuwa wamegawana meza moja ya maabara tangu mwaka wa kwanza. Alikuwa mcheshi, mwepesi wa kuchoka na mwepesi wa kusamehe, na kwake utumbo wa mbuzi ulikuwa chakula kilichopotea njia.

Utumbo huo ulitoka kwa baba yake Sumeya. Mzee Dawud alikuwa mchinjaji. Mjini Nyeri, kama katika miji mingi ya bara, mnyama wa kuuzwa huchinjwa na Mwislamu ili nyama yake iliwe na kila mtu bila swali, na nyumba chache za mtaa wa Majengo zimeshika kazi hiyo tangu enzi za mababu. Kila alfajiri Mzee Dawud alivaa buti zake, akanoa kisu, akaenda machinjioni. Siku ambazo binti yake alikuwa na kazi ya maabara, alichagua mbuzi aliyenawiri, akamtolea kipande cha mwanzo cha utumbo kikiwa bado na joto, akakizika kwenye barafu kwa mikono yake mwenyewe.

"Nimewachinjia mahoteli, nimewachinjia maharusi," aliwaambia wenzake. "Sasa nachinjia chuo kikuu."

Ndani ya utumbo huo mlikuwa na kimeng'enya ambacho Sumeya alikitafuta. Ni kimeng'enya kilichomo hata katika mwili wa binadamu, na daktari akikiona kimezidi kwenye damu hujua kwamba pengine ini au mifupa ina shida. Mradi wake wa mwaka wa mwisho ulikuwa kukitoa kwa mbuzi, kukisafisha na kupima nguvu zake. Alikitia ndani ya tyubu yenye maji yasiyo na rangi, na tyubu akaiweka kwenye hodhi la maji moto lenye joto kama la mwili. Kimeng'enya kilipofanya kazi, maji yaligeuka manjano. Manjano yakikolea, nguvu ni nyingi. Yakififia, nguvu ni haba.

Mwezi wa Januari, jua likiwa kali na mlima umesimama wazi tangu asubuhi hadi jioni, tyubu zake zilikuwa zimegeuka manjano ya ua la alizeti. Msimamizi wake, Daktari Moffat, aliziinua mbele ya dirisha akatabasamu, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. Akamwambia arudie kazi yote katikati ya mwaka ili kuthibitisha, kisha aandike.

Sumeya alirudia mwezi wa Julai. Na Julai tyubu zilitoka na manjano ya kukwajuka, kama maji yaliyosuuziwa kikombe cha chai. Nguvu ya kimeng'enya ilikuwa imeshuka karibu nusu. Alirudia tena, ikawa vilevile.

Hapo ndipo shida ilipoanza, na haikuwa shida ya alama peke yake.

Sumeya hakuwa amechagua baiokemia. Tangu akiwa mdogo, hamu yake ilikuwa moja tu, udaktari. Lakini mama yake, Rehana, alifariki wiki ile ile ya mitihani ya kidato cha nne. Walimzika alasiri, na asubuhi iliyofuata Sumeya alikaa kwenye karatasi ya Kemia akiwa na macho yaliyovimba, akijibu maswali ambayo hakuyakumbuka tena baada ya kuinuka. Alipita, tena vizuri, lakini si kwa kiwango ambacho shule za udaktari hukitaka. Akapewa baiokemia. Akaipokea kama mtu anayepewa ngazi badala ya mlango, na akaanza kupanda.

Mwaka huo wa mwisho alikuwa karibu kufika juu. Kulikuwa na shule moja ya udaktari Nairobi iliyokuwa ikiwachukua watu wachache waliokwisha kupata shahada ya sayansi. Miezi kadhaa Sumeya na Kaari walikuwa wakienda uwanja wa Ruring'u baada ya masomo, wakakaa kwenye ngazi za watazamaji na mahindi ya kuchemsha mapajani, Kaari akijifanya mhoji.

"Msichana," Kaari alisema kwa sauti nzito, "kwa nini unataka kuwa daktari? Na usiniambie ati ni kusaidia watu. Hata kondakta anasaidia watu."

Sumeya alifanya mahojiano ya kweli mwezi wa Mei, akafaulu. Nafasi ilikuwa yake kwa sharti moja, amalize na shahada ya daraja la kwanza. Alama zake zote zilikuwa zimefika, umebaki mradi. Mradi ukianguka, na daraja la kwanza linaanguka, na nafasi inaenda kwa mwingine.

Daktari Moffat alimwita ofisini asubuhi moja ya ukungu. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye kofia ya sufu aliyoivaa tangu Juni hadi Agosti, hata darasani.

"Keti," alimwambia. Akazisukuma karatasi mbili mbele yake. "Hii Januari. Hii Julai. Kimeng'enya kimoja, njia moja, mtu mmoja. Unaweza kunieleza?"

"Bado natafuta, Daktari."

"Mimi nimefundisha miaka mingi, Sumeya. Nimeona wanafunzi wakiandika namba nzuri mara ya kwanza, halafu wakiambiwa warudie wanashindwa, kwa sababu zile za kwanza hazikutoka kwa tyubu. Zilitoka kichwani." Alivua miwani. "Kama za Januari ulizitunga, niambie leo. Nikijua leo, nitakusaidia umalize na daraja la pili. Mtahini wa nje akigundua mwenyewe, hutamaliza na daraja lolote."

Sumeya alihisi masikio yakipata moto. "Sikuzitunga."

"Basi utueleze siku ya kutetea mradi."

Alitoka akiwa na baridi iliyozidi ya nje.

Mzee Dawud alipoisikia habari hiyo jioni, alikasirika kwa ajili ya mbuzi.

"Mbuzi wangu wana kosa gani?"

"Hakuna aliyesema wana kosa, Baba. Nauliza tu. Pengine mbuzi wa Julai si kama wa Januari. Nyasi, mvua, sijui."

"Mbuzi ni mbuzi. Kesho nitakuletea wa Naro Moru, wale wa nyanda kavu, hawajui mvua wala ukungu. Tuone huyo mwalimu atasema nini." Alimimina chai, kisha akaongeza kwa upole, "Twende pamoja. Ujionee kwa macho yako, usije ukadhani baba yako anakuchanganyia."

Walienda pamoja alfajiri. Sumeya alisimama kando huku baba yake akimgeuza mbuzi kuelekea kibla, akitaja jina la Mungu kwa sauti ya chini kana kwamba anamwambia mbuzi siri, na kisu kikapita mara moja. Mkono wake haukutetemeka wala haukuharakisha. Sumeya alipokuwa mdogo, mama yake alimwambia kwamba huo ndio mkono uliomfanya akubali kuolewa na mchinjaji, mkono usiomrefushia mnyama maumivu. Alilikumbuka hilo akiwa ameshika ndoo, na barafu ikimchoma vidole.

Utumbo wa mbuzi wa Naro Moru ulitoa manjano yale yale yaliyofifia.

"Basi si mbuzi," alisema Mzee Dawud alipopigiwa simu, naye alisikika kuridhika nusu na kuhuzunika nusu.

Kama si mbuzi, ilibaki Sumeya mwenyewe. Alikagua pipeti zake. Alibadilisha dawa. Aliazima mizani ya maabara jirani. Aliandaa upya maji ya bafa, yale ambayo kimeng'enya hufanyia kazi ndani yake. Kazi ya bafa ni kulinda pH, yaani ile namba inayoonyesha kama maji yamekaa upande wa uchachu wa ndimu au upande wa ukali wa magadi. Kimeng'enya chake kilipenda upande wa magadi, kwenye tisa. Kila mara alitumbukiza kijiti cha kipimo, akasoma tisa, akaridhika, akafunga chupa, akaendelea. Na kila mara manjano yalififia.

Siku za kutetea mradi zilikaribia. Alasiri moja ukungu ulikuwa umeshuka hadi madirishani, taa zimewashwa mchana, na maabara ilikuwa na baridi ya kuumiza meno. Kaari alimtazama rafiki yake akiandika namba nyingine ndogo, akavuta stuli yake karibu.

"Sumi, nikuambie kitu na usinikasirikie?"

"Sema."

"Chukua zile za Januari. Ongeza hapa kidogo, punguza pale kidogo, uandike Julai. Zifanane lakini zisifanane sana. Nani atajua? Huyo mtahini anakuja siku moja, anakula samosa, anarudi Nairobi. Na wewe hutungi uwongo, za Januari ni za ukweli."

Sumeya aliweka kalamu chini. Hakukasirika. Kaari alikuwa akizungumza kwa huruma, na hilo ndilo lililofanya maneno yawe mazito.

"Nimewahi kukuambia mama alikufa na nini?"

"Figo, ulisema."

"Figo. Lakini alikuwa ameenda kupimwa mapema, miguu ilipoanza kufura. Kliniki moja ndogo mtaani, siku hizi hata haipo, ni duka la simu. Wakampa karatasi, figo ziko sawa. Tukafurahi. Mama akapika pilau siku hiyo. Baada ya yeye kufariki, mtu aliyekuwa akifanya kazi pale alikutana na baba machinjioni. Akamwambia mashine yao ilikuwa imeharibika mwezi mzima. Walikuwa wanaandika tu namba za mtu mwenye afya. Hawakuwa na nia mbaya. Walisema watu wengi huwa ni wazima."

Kaari aliisogeza kalamu mbali na daftari.

"Ile namba ilifanana, Kaari. Ilifanana vizuri kabisa."

"Pole, Sumi. Nimefunga mdomo."

"Usifunge wote. Utaniboesha."

Kaari alicheka kidogo, akapangusa pua kwa mkono wa koti, akainuka kwenda kwenye hodhi la maji moto. Ilikuwa desturi ya wanafunzi wa maabara ile, ambayo haikuandikwa popote wala hakuna mhadhiri aliyeiruhusu. Julai ikifika, kila mmoja alizamisha chupa ya maji kwenye kona ya hodhi. Vidole vikifa ganzi, aliitoa, akaivisha soksi kuukuu na kuikumbatia kifuani mpaka mikono irudi. Kaari alikuwa na soksi ya rangi ya waridi kwa kazi hiyo, na aliilinda kuliko vitabu vyake.

Walifanya kazi kwa muda. Kisha Sumeya akanyoosha mkono kuchukua bafa yake, na chupa haikuwa mahali pake.

"Kaari. Chupa yangu iko wapi?"

"Gani?"

"Ya bafa. Niliitengeneza leo asubuhi."

Kaari aliangalia soksi ya waridi iliyokuwa kifuani pake. Akaivuta polepole. Ndani yake, badala ya chupa yake ya maji, mlikuwa na chupa ya Sumeya yenye kibandiko cha mwandiko wake, yenye joto na kavu.

"Woi," Kaari alisema. "Niliweka yako kwa maji moto. Zote zinafanana. Sumi, pole, sikuona, hii baridi imekula mpaka macho."

"Uliifungua?"

"Haki sijaifungua. Kifuniko ndiyo hiyo, hata sijaigusa."

Sumeya hakuwa na nguvu za kugomba. Kabla ya kuimwaga na kuanza upya, alifungua kifuniko na kutumbukiza kijiti cha kipimo, ili tu ajue kama imeharibika. Namba haikuwa tisa. Ilikuwa imeteremka sana chini ya tisa.

"Kuna kitu kimeingia," alisema.

"Kitu gani na sijafungua? Labda hiyo mashine yako."

Alikipima kipimo kwenye maji ya kusawazishia, yale yanayonunuliwa pH yake ikiwa inajulikana. Kipimo kilikuwa kizima. Basi bafa ndiyo mbovu. Aliiacha mezani, akaanza kupima unga wa kutengeneza nyingine, na kazi hiyo ilimchukua muda mrefu. Alipomaliza, aliishika ile chupa mbovu aimwage. Ilikuwa imeshapoa, baridi kama kila kitu chumbani. Kabla ya kuimwaga, hakujua ni kwa nini, akatumbukiza kijiti tena.

Tisa.

Sumeya alisimama na chupa mkononi. Hakuna kilichoongezwa. Hakuna kilichotolewa. Ilipokuwa ya moto ilishuka, ilipopoa ikapanda.

"Kaari," alisema taratibu. "Irudishe kwenye maji moto."

"Niirudishe?"

"Irudishe. Nataka kuona."

Waliirudisha. Wakasubiri wakiwa wamesimama pande mbili za hodhi kama watu wanaongoja maziwa yachemke. Ikashuka. Wakaitoa, wakaiweka kwenye dirisha lenye ukungu. Ikapanda. Kufikia hapo Sumeya alikuwa amekaa chini kwenye sakafu ya saruji, ameegemea kabati, na anacheka huku machozi yakimtoka, na Kaari amechuchumaa mbele yake akimshika mabega.

"Unacheka nini? Niambie na mimi nicheke."

"Sisi tunatengeneza bafa hapa mezani. Sawa? Halafu kimeng'enya kinafanya kazi kule, kwenye joto la mwili. Januari hapa ni joto, kutoka mezani mpaka kwenye hodhi si mbali, pH inashuka kidogo tu. Julai hapa ni kama ndani ya friji. Naisoma tisa ikiwa baridi, halafu naitumbukiza kwenye joto na inaanguka. Kimeng'enya changu nakiambia fanya kazi, na nimekiweka kwenye maji kisiyoyapenda."

Kaari alifikiri. "Kwa hivyo Januari ni ya ukweli."

"Na Julai ni ya ukweli. Zote ni za ukweli. Njia ndiyo iliandikwa na mtu asiyejua Nyeri."

"Na ni mimi nimegundua," alisema Kaari. "Mimi na soksi yangu."

Asubuhi iliyofuata Mzee Dawud alileta ndoo mwenyewe hadi getini, kwa sababu hakuweza kungoja nyumbani. Sumeya alitengeneza bafa upya, lakini safari hii aliizamisha kwanza kwenye hodhi, ikashika joto la mwili, ndipo akaisahihisha hadi tisa ikiwa mle mle ndani. Kisha akaweka kimeng'enya. Maji ya tyubu yaligeuka manjano polepole, yakaendelea kugeuka, yakapita rangi ya Januari na kufika rangi ya binzari iliyotiwa kwenye mafuta. Alikitoa kimeng'enya cha Januari kilichobaki kwenye friza, akakipima kwa bafa hiyo hiyo. Tyubu za Januari na za Julai zilisimama kwenye kishikio kimoja, na mtu asiyeambiwa hangeweza kuzitenganisha.

Alirudia hadi akachoka, kwani hakutaka kufurahi mapema.

Siku ya kutetea mradi, mtahini wa nje alikuwa Profesa Ngendo, mama wa makamo kutoka Nairobi, aliyekuja na koti jembamba la mvua na kulijutia tangu alipoingia chumbani. Alikaa mbele, mikono imefichwa kwapani. Daktari Moffat alikaa kando yake na kofia yake ya sufu. Nyuma kulikuwa na wanafunzi wengine, na Kaari kati yao.

Sumeya alieleza kazi yake tangu ndoo ya baba hadi tyubu. Alipofika kwenye namba za Januari na zile za kwanza za Julai hakuzificha. Aliziweka ukutani zote mbili, kubwa na ndogo, kando kwa kando. Aliona Daktari Moffat akiinamisha kichwa.

"Ngoja hapo," alisema Profesa Ngendo. "Hizi mbili haziwezi kukaa nyumba moja. Ni ipi niamini?"

"Zote, Profesa."

"Siwezi kuamini zote."

"Naomba nikuonyeshe badala ya kukuambia."

Kaari alileta hodhi dogo la maji moto, kipimo na chupa ya bafa. Sumeya alimwomba Profesa asome mwenyewe namba ya chupa iliyo baridi. Profesa akatoa mkono kwapani, akasoma kwa sauti, tisa. Chupa ikazamishwa. Sumeya alitumia muda huo kueleza, bila haraka, na alipomaliza alimpa Profesa chupa ikiwa moto na kumwomba asome tena. Profesa Ngendo alisoma, akakunja uso, akasoma mara ya pili. Kisha akaizungushia chupa mikono yake miwili.

"Hili jambo limo vitabuni," alisema mwishoni. "Kwa maandishi madogo, chini ya jedwali. Nimelifundisha mimi mwenyewe. Nimepitia miradi mingi sana iliyofanywa sehemu za baridi, na hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyeniambia chumba chake kilikuwa na joto gani. Na mimi sikuwauliza."

Aliendelea kuuliza maswali mengine, magumu, na Sumeya akayajibu. Alipomuuliza kwa nini hakuziacha nje namba zile mbaya, ilhali angeweza kuonyesha nzuri peke yake na kupita, Sumeya alifikiria pilau ya siku ile.

"Kuna mgonjwa mwisho wa kila namba," alisema. "Anaweza kuwa mbali, lakini yuko."

Profesa aliandika kitu. Muda wote huo hakuirudisha chupa. Kaari alimwona, akaingiza mkono mfukoni, akatembea mbele na kumwekea soksi ya waridi mezani. Chumba kizima kikaangua kicheko, na Profesa Ngendo akaivisha chupa soksi ile na kuikumbatia hadi mtahiniwa wa mwisho.

Daktari Moffat alimngoja Sumeya nje, kwenye baraza. Alikuwa amevua kofia, na nywele zake zilikuwa zimelala vibaya.

"Nilikukosea," alisema. "Nilikuwa tayari kuamini kwamba ulizitunga."

"Ulinipa nafasi ya kueleza, Daktari."

"Mwaka jana kulikuwa na msichana anaitwa Watiri. Alifanya kazi yake Julai. Namba zake zilikuwa ndogo, nikamwambia ni mzembe." Akatazama ukungu uliokuwa ukipanda kutoka bondeni. "Lazima nimtafute. Kazi yake ikaguliwe upya."

Aliivaa kofia yake na kwenda.

Matokeo yalitoka Agosti, mlima ukianza kuonekana asubuhi. Daraja la kwanza. Baada ya hapo simu ya Nairobi ilimkuta Sumeya machinjioni, ambako alikuwa amempelekea baba yake chai. Alisikiliza, akasema asante, akasema ndiyo, akasema asante tena. Mzee Dawud alikuwa ameacha kunoa kisu.

"Wamesema?"

"Wamesema niende Septemba."

Mzee Dawud aliweka kisu chini, akanawa mikono kwenye mfereji, akainawa tena hadi viwiko ingawa ilikuwa safi. Alimshika binti yake kichwa kwa mikono yote miwili, akambusu kwenye paji la uso mbele ya wachinjaji wenzake na wauzaji wa nyama wa kila dini, nao wakapiga makofi kwa mikono iliyolowa.

"Nenda nyumbani," alimwambia. "Mwite yule rafiki yako wa Chogoria. Mimi napita makaburini kwanza, halafu nakuja."

"Utamwambia nini mama?"

"Nitamwambia karatasi kama ile waliyompa, safari hii itaandikwa na mtu wake."

Jioni ile nyumba ya Majengo ilijaa majirani. Kulikuwa na pilau, sinia kwa sinia, na harufu yake ilifika barabarani. Kaari alifika na kikapu cha majani ya chai kutoka kwao na soksi ya waridi shingoni kama tai. Mzee Dawud aliingia mwisho, magoti ya kanzu yakiwa na udongo mwekundu, na mkononi alikuwa amebeba ile ndoo nyeupe. Aliiweka katikati ya jiko.

Sumeya alichungulia ndani. Hakukuwa na barafu. Kulikuwa na utumbo mzima, umesafishwa, umesukwa.

"Huu hauendi kupimwa," alisema Mzee Dawud. "Kateni vitunguu."